Tommy Douglas: Aliyeanza na Mkoa Mmoja, Nchi Nzima Ikamfuata

Huduma za afya nchini Kanada huendeshwa na majimbo, na kila jimbo lina bima yake ya umma. Mkazi akiugua huenda kwa daktari au hospitali akiwa na kadi ya jimbo lake, naye hatozwi fedha kwa matibabu ya lazima yanayotolewa huko. Utaratibu huo haukubuniwa Ottawa, makao makuu ya nchi. Ulianzia Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano lililokuwa na watu wasiofikia 900,000 na mzigo mkubwa wa madeni, ukajengwa hatua kwa hatua kwa miaka 17 chini ya uongozi wa Thomas Clement Douglas, ambaye wananchi wake walimwita Tommy.

Douglas alifariki dunia mwaka 1986. Mwaka 2004, wananchi wa Kanada walipopiga kura katika kipindi maalumu cha shirika la utangazaji la taifa hilo kumchagua Mkanada mashuhuri kuliko wote, walimchagua yeye. Sifa hiyo haikutokana na ahadi ya matibabu kwa wote, kwa kuwa viongozi wengi wa zama zake waliitoa. Ilitokana na namna alivyoitekeleza: alianza na eneo dogo, akatafuta fedha kwanza, na akakubali kusubiri.

Mguu ulionusurika

Douglas alizaliwa tarehe 20 Oktoba, 1904, katika mji wa Falkirk, Uskoti, katika familia ya mfua vyuma. Familia hiyo ilihamia Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, alipokuwa mtoto mdogo. Kabla ya kuondoka Uskoti aliumia goti, na jeraha hilo likaingia maambukizi ya mfupa yaliyomtesa kwa miaka kadhaa. Wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumlipa daktari bingwa. Huko Winnipeg waliambiwa kuwa mguu huo ungelazimika kukatwa.

Alinusurika kwa bahati. Daktari bingwa wa mifupa aliyepita wodini alivutiwa na hali ya mtoto huyo, akajitolea kumfanyia upasuaji bila malipo kwa sharti kwamba wazazi wawaruhusu wanafunzi wa udaktari kuutazama na kujifunza. Wazazi waliridhia, na mguu ukapona. Katika maisha yake yote ya siasa Douglas alilirejea tukio hilo, akieleza kuwa alimshukuru daktari, ila hakuona haki katika utaratibu ulioacha mguu wa mtoto utegemee huruma ya mtu mmoja aliyepita hapo siku hiyo. Mtoto wa tajiri asingehitaji bahati.

Familia ilirudi Uskoti wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha ikarejea tena Winnipeg vita vilipomalizika. Mwezi Juni, 1919, akiwa kijana wa miaka 14, Douglas alishuhudia kutoka juu ya paa jinsi polisi walivyowatawanya kwa risasi wafanyakazi waliokuwa katika mgomo mkuu wa mji huo. Aliacha shule mapema akajifunza kazi ya kupanga herufi katika uchapaji. Wakati huohuo alijifunza ngumi, na mwaka 1922 na 1923 akawa bingwa wa Manitoba kwa mabondia wa ridhaa wa uzani mwepesi.

Mwaka 1924 aliingia Chuo cha Brandon kusomea uchungaji. Alihitimu mwaka 1930, akafunga ndoa na Irma Dempsey, na mwaka huohuo akaanza utumishi katika Kanisa la Baptisti la mji mdogo wa Weyburn, kusini mwa Saskatchewan.

Mchungaji katika miaka ya vumbi

Hakuna sehemu ya Kanada iliyoumizwa na Mdororo Mkuu wa Uchumi kuliko Saskatchewan. Bei ya ngano iliporomoka, na ukame ukafuata mwaka baada ya mwaka. Upepo ulipeperusha udongo wa juu wa mashamba, na familia zilizokuwa zikijitegemea zikaishi kwa chakula cha msaada. Madaktari wengi hawakulipwa kwa sababu wagonjwa hawakuwa na fedha, na wagonjwa wengi hawakwenda kwa daktari kwa sababu walijua hawana cha kumlipa. Mchungaji kijana alizika watu waliokufa kwa maradhi ambayo yangetibika iwapo wangewahi hospitali.

Miaka hiyo ilimwingiza katika siasa. Mwaka 1932 wakulima, wafanyakazi na wasomi wa magharibi mwa Kanada waliunda chama cha CCF, kilichodai serikali ishike wajibu wa uchumi na ustawi wa jamii. Douglas aligombea ubunge wa jimbo mwaka 1934 akashindwa. Mwaka uliofuata aligombea Bunge la Shirikisho, akashinda.

Kipindi hicho kina pia ukurasa usiopendeza. Mwaka 1933, katika tasnifu yake ya shahada ya uzamili, Douglas aliunga mkono nadharia iliyoenea wakati huo barani Ulaya na Amerika, iliyotaka watu walioonekana kuwa na upungufu wa akili au maadili wazuiwe kuzaa. Baadaye aliachana na mawazo hayo. Aliitembelea Ujerumani mwaka 1936 na kuona utawala wa Wanazi kwa macho yake. Alipokuwa mkuu wa serikali na Waziri wa Afya, alipelekewa mapendekezo ya kufunga uzazi wa wagonjwa wa akili akayakataa. Majimbo ya Alberta na British Columbia yalikuwa na sheria za namna hiyo. Saskatchewan haikuwa nayo.

Serikali yenye deni na ahadi

Tarehe 15 Juni, 1944, CCF ilishinda viti 47 kati ya 52 vya Bunge la Saskatchewan. Douglas, akiwa na umri wa miaka 39, akawa Waziri Kiongozi wa jimbo, na akajipa pia Wizara ya Afya, ambayo aliishika hadi mwaka 1949. Serikali yake ilihesabiwa kuwa ya kwanza ya mrengo wa kijamaa kuchaguliwa Amerika Kaskazini.

Hatua yake ya kwanza katika afya ilikuwa kutafuta tathmini. Alimwalika Henry Sigerist, profesa wa historia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, azunguke jimboni na kutoa ushauri. Ripoti ilikamilika mwezi Oktoba mwaka huohuo. Ilishauri jimbo ligawanywe katika mikoa ya afya, kila mkoa uwe na hospitali yake kuu, vituo vidogo vijijini na wahudumu wa kinga. Tume ya kupanga huduma za afya iliundwa kufanya kazi hiyo.

Msingi wa mpango huo ulikuwepo tayari mikononi mwa wananchi. Tangu miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, halmashauri za vijijini za Saskatchewan zilikuwa zikitumia kodi ya ardhi kumlipa daktari mshahara ili asihame, na halmashauri jirani ziliungana kujenga hospitali za pamoja. Mwaka 1929 jimbo hilo lilikuwa la kwanza nchini Kanada kutibu kifua kikuu bila malipo. Douglas na wenzake walijenga juu ya mazoea ambayo mkulima alikwisha kuyaelewa: kuchangia kabla ya kuugua.

Kuanzia Januari 1945 wazee wanaopokea pensheni ya serikali, wajane wenye watoto waliokuwa wakipata posho, na wategemezi wao, walipewa matibabu yaliyogharamiwa na jimbo. Mwaka huohuo huduma kwa wagonjwa wa akili katika hospitali za jimbo zikawa za bure. Mwaka 1946 zilianzishwa ndege za kubeba wagonjwa kutoka mashamba ya mbali, ambako wakati wa majira ya baridi theluji ilikuwa ikifunga barabara.

Mkoa wa Swift Current

Jaribio kubwa lilifanyika kusini magharibi mwa jimbo. Mwezi Novemba, 1945, wakazi wa eneo la Swift Current walipiga kura kukubali kuwa mkoa wa afya, na tarehe 1 Julai, 1946, Mkoa wa Afya Namba 1 ulianza kuwalipia wakazi wake wote gharama za daktari na hospitali. Ilikuwa miaka miwili kabla Uingereza haijaanzisha Huduma ya Taifa ya Afya.

Msukumo wa jambo hilo ulitoka chini. Watendaji na madiwani wa halmashauri za eneo hilo ndio waliozunguka kuwashawishi wananchi, na bodi ya mkoa iliundwa na wawakilishi wao. Fedha zilitokana na mchango wa kila mkazi pamoja na kodi ya ardhi. Serikali ya jimbo ilitoa sheria, wataalamu na ruzuku kidogo. Madaktari hawakugeuzwa watumishi wa mshahara. Walilipwa na bodi kwa kila huduma waliyotoa, kwa viwango vilivyokubaliwa, na eneo lililokuwa limekimbiwa na madaktari likaanza kuwavutia.

Kwa miaka iliyofuata Swift Current ilikuwa mahali ambapo hoja ziliweza kupimwa kwa hesabu. Waliosema wananchi wangejazana kwa madaktari bila sababu, na waliosema madaktari wangehama, walionyeshwa mkoa uliokuwa ukifanya kazi. Hata hivyo haukuenea kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1955 wakazi wa mikoa mingine miwili walipoulizwa kwa kura iwapo wanataka utaratibu kama huo, waliukataa, baada ya madaktari kufanya kampeni kali ya kuupinga. Serikali iliheshimu matokeo hayo na kungoja.

Hospitali kwanza, daktari baadaye

Wakati mkoa mmoja ukijaribu huduma kamili, jimbo zima lilichukua sehemu moja ya mzigo. Tarehe 1 Januari, 1947, Saskatchewan ilianzisha bima ya hospitali ya lazima kwa wakazi wote, ya kwanza Amerika Kaskazini. Mchango ulikuwa dola 5 kwa mtu kwa mwaka, na familia, hata iwe kubwa kiasi gani, haikulipa zaidi ya dola 30. Pengo lililobaki lilizibwa kwa fedha za kodi.

Uamuzi wa kuanza na hospitali ulikuwa na sababu. Kulazwa ndiko kulikokuwa kukiifilisi familia kwa mkupuo. Aidha, hospitali nyingi zilikuwa mali ya halmashauri na mashirika ya dini, na zilihitaji mapato ya uhakika kuliko zilivyoogopa serikali. Kadi ilipopatikana wagonjwa waliongezeka, na ilibidi vitanda viongezwe. Ndiyo maana ruzuku za ujenzi wa hospitali zilitolewa sambamba na bima. Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilipanua mafunzo ya udaktari, na hospitali yake ya kufundishia ikafunguliwa mjini Saskatoon mwaka 1955.

Bima ya kumwona daktari iliachwa kiporo kwa zaidi ya miaka kumi. Baadhi ya wanachama wa CCF walilalamika kuwa kiongozi wao amepoa. Douglas aliamini kuwa jimbo lenye madeni lisingeweza kudumisha huduma lililoianzisha kwa mkopo, kwa sababu mkopeshaji ndiye angekuwa na kauli ya mwisho juu yake. Akiwa na Clarence Fines, waziri wake wa fedha, alitoa bajeti zilizojitosheleza mwaka baada ya mwaka huku deni likipunguzwa. Katika miaka hiyohiyo umeme ulifikishwa vijijini, bima ya magari ya serikali ikaanzishwa, na mwaka 1947 jimbo likatunga sheria ya haki za msingi za raia.

Nafasi ilifunguka mwaka 1957, Bunge la Shirikisho lilipopitisha sheria ya kugharamia takriban nusu ya bima za hospitali za majimbo. Saskatchewan, iliyokuwa ikibeba gharama hizo peke yake kwa muongo mzima, ikajikuta na fedha zilizookolewa. Mwaka 1959 Douglas alitangaza kuwa sasa ni zamu ya madaktari. Kwa njia ya redio, mwezi Desemba mwaka huo, aliweka misingi mitano: mchango ulipwe kabla ya kuugua, wakazi wote waingie, huduma iwe ya ubora wa juu, mpango usimamiwe na chombo cha umma kinachowajibika kwa Bunge, na uwe unaokubalika kwa wanaotoa huduma na wanaoipokea.

Siku 23 za mgomo

Msingi wa tano ndio uliokuwa mgumu. Chama cha madaktari wa jimbo kilikusanya fedha na kuingia katika kampeni za uchaguzi wa Juni 1960 kuupinga mpango huo. CCF ilishinda. Sheria ya bima ya matibabu ilipitishwa mwezi Novemba, 1961, lakini Douglas hakuwepo tena kuitekeleza. Agosti mwaka huo alikuwa amechaguliwa kuwa kiongozi wa kwanza wa chama kipya cha taifa, NDP, naye akamwachia Woodrow Lloyd, mwalimu wa zamani aliyekuwa waziri wake, uongozi wa jimbo.

Gharama ya kisiasa ilianza kulipwa mapema. Katika uchaguzi wa shirikisho wa Juni 1962, Douglas alishindwa mjini Regina, makao makuu ya jimbo aliloliongoza kwa miaka 17, katikati ya hofu iliyokuwa imetanda kuhusu mpango huo. Tarehe 1 Julai, 1962, sheria ilipoanza kutumika, madaktari wengi walifunga zahanati zao, wakabakiza huduma za dharura katika hospitali chache. Familia ziligawanyika, na majirani wakaacha kusalimiana. Serikali iliajiri madaktari kutoka Uingereza, na katika miji kadhaa wananchi walianzisha zahanati za ushirika ili wajitibie wenyewe.

Mgomo ulidumu siku 23. Kwa usuluhishi wa Lord Taylor, daktari na mjumbe wa Bunge la Malodi la Uingereza, makubaliano yalitiwa saini mjini Saskatoon tarehe 23 Julai. Wakazi wote walibaki ndani ya bima na serikali ikabaki mlipaji. Madaktari walihakikishiwa kulipwa kwa kila huduma, na waliotaka kufanya kazi nje ya mpango na kuwatoza wagonjwa wao moja kwa moja waliruhusiwa. Hakuna upande uliopata yote ulioyataka, lakini bima ilisimama.

Lloyd naye alilipa. Mwaka 1964 chama chake kilishindwa katika uchaguzi na wapinzani wakashika madaraka. Walipoingia ofisini waliikuta bima imekwisha kuzoeleka kwa wananchi kiasi kwamba hawakuifuta.

Kutoka jimbo hadi taifa

Douglas alirudi bungeni mwezi Oktoba, 1962, kwa uchaguzi mdogo katika jimbo la British Columbia. NDP haikuwahi kushika serikali ya shirikisho chini yake, ila kura zake zilikuwa na uzito kwa sababu serikali ya Lester Pearson haikuwa na wingi wa wabunge. Mwaka 1964 tume ya kifalme iliyoongozwa na Jaji Emmett Hall, mkazi wa Saskatchewan aliyeteuliwa na serikali ya wahafidhina, ilipendekeza mfano wa Saskatchewan utumike nchi nzima. Mwezi Desemba, 1966, Bunge lilipitisha Sheria ya Matibabu kwa kura 177 dhidi ya 2. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai, 1968, na kufikia mwaka 1972 majimbo na maeneo yote ya Kanada yalikuwa yamejiunga.

Sheria hiyo haikuyanyang'anya majimbo hospitali zake. Ottawa iliweka masharti na kuchangia gharama. Kila jimbo likaendesha bima yake. Masharti yenyewe, yaani huduma kwa wote, usimamizi wa umma, huduma pana na haki ya mkazi kuhamia jimbo jingine bila kupoteza bima, yalikuwa na undugu wa karibu na misingi iliyotangazwa redioni mwaka 1959.

Douglas aliachia uongozi wa chama mwaka 1971 na kustaafu ubunge mwaka 1979. Katika miaka ya uzee aliona mwanya ulioachwa na makubaliano ya Saskatoon ukipanuka, madaktari wengi zaidi wakiwatoza wagonjwa nyongeza juu ya malipo ya serikali. Alionya kuwa kupitisha bima kulikuwa sehemu rahisi ya safari, na kwamba kuilinda kungehitaji kazi ya kila kizazi. Mwaka 1984 Sheria ya Afya ya Kanada iliziba mwanya huo kwa kupunguza ruzuku ya jimbo lolote linaloruhusu nyongeza hizo.

Kwa nchi zinazojenga bima ya afya kwa wote katika zama hizi, Tanzania ikiwamo, iliyotunga sheria yake mwaka 2023, historia ya Saskatchewan ina thamani kwa sababu inaonyesha muda halisi uliotumika. Kutoka kura ya Swift Current hadi jimbo lote kupata daktari ilichukua takriban miaka 17, na hadi nchi nzima ikachukua mingine kumi. Katika kila kituo kulikuwa na fedha zilizotengwa, halmashauri zilizoshirikishwa, na wataalamu wa afya waliolazimika kusikilizwa hata walipokuwa wakipinga.

Tommy Douglas alifariki dunia kwa saratani mjini Ottawa tarehe 24 Februari, 1986, akiwa na umri wa miaka 81. Familia yake haikuuziwa deni la hospitali.